Bendera Imeinuka Bure: Kutatua Matatizo ya Tipapu na Chambo cha Wolai

Mvuvi wa barafu akikosa samaki, wa kwanza kusingiziwa ni kidagaa kwenye ndoano. Kesho yake ananunua vidagaa vya aina nyingine, kesho kutwa vingine tena, ilhali mhimili wa mtego uliganda tangu saa kumi jioni, au ndoano imelala ndani ya tope. Katika uvuvi wa samaki aitwaye wolai makosa mengi yako kwenye mtego na kwenye kina, chambo kinafuata nyuma. Kwa hiyo tutaanza na chuma na uzi, ndoo ya vidagaa itakuja mwishoni.

Kwa aliyehamia Minnesota, Marekani, juzijuzi na bado anawashangaa watu wanaoketi katikati ya ziwa mwezi Januari: tipapu ni mtego wa bendera. Fremu yake inakaa juu ya tundu lililotobolewa kwenye barafu. Rili ya mshipi inaning'inia chini ya maji, mahali isipoganda. Kutoka kwenye rili unapanda mhimili mwembamba ndani ya bomba lililojaa grisi, na juu kabisa mhimili huo una kifyatuo chenye umbo la herufi T kinachobana ncha ya bendera iliyokunjwa. Samaki akivuta, rili inazunguka, kifyatuo kinageuka, bendera inachomoka. Wolai (Sander vitreus) ndiye samaki rasmi wa jimbo hilo. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama la paka, ndiyo maana huwinda zaidi jua linapozama na kabla halijachomoza, wakati samaki wadogo hawamwoni vizuri.

Kabla ya kutafuta ubovu, linganisha mtego wako na mpangilio huu. Mshipi mkuu ni wa kusukwa, dakroni yenye ngozi ya plastiki, nguvu ya ratili 20 hadi 30, mita 40 hivi kwenye rili. Mwisho wake funga kiungo kidogo cha kuzunguka, namba 10, ili msokoto usipande. Baada ya kiungo unakuja uzi wa mbele: fluorokaboni ya ratili 8, urefu wa sentimita 90 hadi 120. Chubwi dogo la kubana kwa koleo likae sentimita 30 hadi 40 juu ya ndoano. Ndoano iwe ya pembe tatu namba 10 au 12, au ya pembe moja namba 6; kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kukaza, kwa sababu fluorokaboni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano na kukatikia hapohapo kwenye fundo.

Kifaa cha mwisho hakigharimu kitu: kifungo cha shati. Kabla ya kufunga kiungo cha kuzunguka, pitisha mshipi mkuu kwenye tundu moja la kifungo na uurudishe kupitia tundu la pili. Kifungo kitateleza ukikisukuma kwa vidole na kitatulia ukikiacha. Ukishapata kina, kisogeze hadi kiguse ukingo wa rili. Tangu hapo kifungo ndicho shahidi wako: ukitazama umbali wake kutoka kwenye rili, unajua samaki alivuta mshipi kiasi gani, na ukitega upya huna haja ya kupima tena.

Samaki amevuta lakini bendera haikuinuka

Unautambua ugonjwa huu unapokagua mtego na kukuta ndoano tupu, au mshipi umekazwa upande mmoja wa tundu, na bendera bado imeinama. Jaribu hivi: shika mshipi chini ya rili kwa kidole kimoja na uvute polepole. Rili inatakiwa kuanza kuzunguka bila kushtuka. Ikigoma kwanza kisha ikaruka, kuna kitu kinaibana.

Mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye bomba la mhimili. Mtego ukihamishwa kutoka tundu moja hadi jingine kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, maji yaliyobaki juu ya mhimili huganda kabla hujamaliza kutia chambo kipya. Usiugonge wala usiusokote kwa nguvu. Uzamishe mtego mzima tunduni kwa dakika moja au mbili. Maji ya chini ya barafu, hata yakiwa yanauma vidole, yana joto kuliko hewa na yatayeyusha kilichoganda. Kisha tega haraka, rili ikiwa ndani ya maji muda wote.

Ikiwa mtego unakuwa mzito alfajiri na kulainika mchana, grisi ndiyo yenye hatia. Grisi ya kawaida ya magari huwa kama nta kwenye baridi kali. Chomoa mhimili, futa bomba lote kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, kisha jaza grisi iliyoandikwa kwamba inafanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Jaza mpaka itokeze pande zote mbili. Kazi ya grisi hiyo ni kuzuia maji kuliko kulainisha, na nafasi yoyote tupu ndani ya bomba itajaa maji.

Sababu ya tatu ni tundu lenyewe kuziba. Utando wa barafu unaobana mshipi unatosha kuzuia mvuto wa wolai mpole. Chota uji wa barafu kwa upawa wenye matundu kila baada ya dakika 20, mara nyingi zaidi upepo ukivuma. Mitego ya duara yenye sponji chini inafunika tundu zima na ndiyo bora usiku. Ya fremu ya mbao inahitaji kifuniko cha sponji kilichokatwa mfereji wa kupitishia mhimili. Kurundika theluji kuzunguka fremu kunasaidia, ila theluji isiangukie ndani ya tundu, maana hugeuka uji na uji huganda kwanza.

Mwisho, angalia kifyatuo. Aina nyingi zina upande laini na upande wenye mkato. Bendera ikibanwa kwenye mkato inahitaji mvuto mkubwa zaidi kufyatuka. Kwa wolai anza na upande laini.

Bendera zinafyatuka ovyo

Upepo na kidagaa chenye nguvu kupita kiasi hutoa dalili moja, kwa hiyo uliza kifungo. Kikiwa bado kinagusa rili na bendera iko juu, ni upepo. Jenga ukuta wa theluji wa kimo cha goti upande upepo unakotoka, au hamishia bendera kwenye mkato wa kifyatuo. Kifungo kikiwa sentimita 10 au 20 kutoka kwenye rili na kidagaa ni kizima, bila hata gamba lililotoka, basi ni kidagaa kinachojivutia mshipi. Shusha chubwi hadi sentimita 25 juu ya ndoano. Ukiona bado, kata theluthi moja ya mkia wake kwa mkasi: kitaendelea kuhangaika lakini hakitafika mbali, na kuhangaika huko ndiko wolai anakokutafuta.

Bendera imeinuka, samaki hayupo

Hapa ndipo wavuvi wengi hukata tamaa, na hapa ndipo penye habari nyingi. Kabla ya kutupa kidagaa kilichorudi, kilaze kwenye kiganja ukikague pande zote mbili.

Magamba yaliyokwanguliwa katikati ya mwili, kulia na kushoto, na vitundu viwili vitatu vya meno: huyo ni wolai. Alikibana kidagaa kwa meno yake ya mbele kisha akakiachia. Mkia uliodonolewadonolewa au tumbo lililochunwa vipande vidogo: ni pechi wa njano, na bendera zake huinuka bila rili kuzunguka sana. Mikato mirefu ya mshazari yenye ute mzito: ni paiki, samaki mwingine mwindaji. Uzi uliokatwa safi kama kwa wembe ni paiki pia. Meno ya wolai ni makali lakini yamekaa mbalimbali, hushika kuliko kukata, kwa hiyo usimlaumu yeye kwa ndoano zilizopotea. Paiki wakiwa wengi, waya mwembamba wa sentimita 15 hadi 20 utaokoa ndoano, ila utapunguza wolai. Ni afadhali kuhama kutoka kwenye majani ya majini kwenda kwenye mteremko wa changarawe au ukingo wa tope, kwa sababu paiki hapendi kuyaacha majani.

Ukishajua ni wolai aliyeachia, sababu ni moja kati ya tatu. Ya kwanza ni uzito aliousikia: rili inayokwama, kifyatuo kwenye mkato, au chubwi kubwa. Ya pili ni ndoano kubwa kuliko chambo. Ndoano ya pembe tatu namba 6 kwenye kidagaa cha sentimita 6 ni chuma kilichovalishwa samaki, na wolai huihisi mdomoni. Ya tatu ni wewe. Kukimbia kwenye barafu ya sentimita 15 juu ya maji ya mita 3 ni kupiga ngoma kichwani mwa samaki. Mita 10 za mwisho tembea.

Ukifika, tazama rili kwanza. Ikiwa inazunguka, nyanyua mtego taratibu, uweke kando upande upepo unakoelekea, na ushike mshipi kwa vidole bila kuuzuia. Uache uteleze mpaka uhisi uzito wa kweli, kisha vuta mkono mara moja, kwa upana wa mkono mzima. Ikiwa imetulia, vuta mshipi uliolegea inchi kwa inchi mpaka usikie uhai upande wa pili, hapo ndipo umnase. Ukiona kimya, usitoe mshipi bado. Pandisha chambo nusu mita, kishushe, subiri dakika moja. Wolai aliyeachia mara nyingi bado yuko palepale.

Wako wanaoshauri kungoja samaki akimbie, asimame, akimbie tena, ndipo avutwe. Ushauri huo ulifaa enzi za ndoano moja kubwa na kidagaa kikubwa. Kwa ndoano ndogo ya pembe tatu iliyokaa mgongoni, kungoja kunampa muda wa kumeza, na samaki aliyemeza ndoano yuko hatarini zaidi kufa hata ukimrudisha.

Ananaswa vizuri, anapotea tunduni

Waliolelewa na mshipi wa mkono Lamu au Kilwa wana nusu ya kazi hii mikononi tayari: mpe anapodai, mpokonye anapolegea, usizungushe mshipi kwenye kiganja. Tofauti ni ukingo wa chini wa tundu. Barafu iliyotobolewa sasa hivi ina kingo kali zinazokwangua uzi, na pembe za ndoano zilizo nje ya mdomo hunasa kwenye barafu, samaki akabaki anajinasua kwa uzito wake. Baada ya kutoboa, pitisha keekee juu na chini mara mbili bila kukata zaidi, ili kingo zilainike. Samaki akikaribia, piga goti, weka mshipi katikati ya tundu, na usubiri pua yake ielekee juu kabla ya kuinua. Akijiweka ubavu, mwachie ashuke nusu mita ajipange upya. Tundu la sentimita 20 linatosha wolai wengi, ila penye sifa ya samaki wakubwa toboa la sentimita 25.

Samaki aliyetoka kina cha zaidi ya mita 9 huja na kibofu cha hewa kilichovimba, na kumrudisha mara nyingi ni kumuua polepole. Ukishafikisha idadi inayoruhusiwa, au unapata wa kurudisha tu, hamia maji mafupi.

Mshipi uliotoka majini nao una shida yake. Ukiurundika kwenye uji wa barafu utaganda kuwa bonge moja, na samaki wa pili akija utajikuta unafungua mafundo na glavu zimeloa. Utandaze kwenye theluji kavu, mbali na miguu yako.

Mtego mzima, kidagaa hai, bendera kimya

Anza na kina. Bana chubwi zito lenye klipu kwenye ndoano, shusha mpaka mshipi ulegee, halafu pandisha sentimita 30 kutoka chini na uweke kifungo alama. Kosa linalojirudia ni kuweka chambo sentimita 5 au 10 kutoka chini: chubwi likizama kwenye tope laini, ndoano inazama nalo. Wolai hutazama juu anapowinda. Ukikosea, kosea kwa kupandisha. Sentimita 45 juu ya tope ni bora kuliko 5. Penye majani, pima kutoka ncha za majani, maana kidagaa hukimbilia kujificha ndani yake na hakuna wa kukiona.

Halafu muda. Katikati ya Januari jua huzama karibu saa kumi na moja jioni kwenye maziwa ya Minnesota, na saa moja inayozunguka dakika hiyo mara nyingi huleta bendera nyingi kuliko mchana wote. Matundu yote yawe yametobolewa na kusafishwa saa mbili kabla ya jua kuzama. Anayewasha keekee ya injini jua likiwa linazama juu ya maji ya mita 3 amejifukuzia samaki mwenyewe.

Mahali hubadilika kadiri msimu unavyokwenda. Barafu ya mwanzo, tafuta mita 2.5 hadi 4.5, ukingoni mwa majani yaliyobaki mabichi na kwenye ncha za nchi kavu zinazoingia ziwani. Katikati ya msimu samaki hushuka hadi mita 6 hadi 10, kwenye vilima vya chini ya maji na mahali changarawe inapokutana na tope. Kuelekea mwisho husogea karibu na midomo ya mito, tayari kwa kutaga. Minnesota inaruhusu mishipi miwili kwa mtu wakati wa barafu na inataka uwe ndani ya futi 200, yaani mita 60 hivi, kutoka kwenye tipapu yako. Jimbo jirani la Wisconsin linaruhusu mitatu. Kwa miwili, weka mmoja juu ya mteremko na mwingine chini yake. Usiweke yote miwili kwenye kina kimoja, hutajifunza kitu.

Na ukanyage kwa akili: idara ya maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi 4, sentimita 10, za barafu safi kwa mtu wa miguu. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake inahitaji unene mara mbili.

Ni kidagaa gani basi?

Sasa chambo. Shaina wa dhahabu, sentimita 7 hadi 10, anametameta na kuvutia samaki wa mbali. Anafaa barafu ya mwanzo, na pia jioni kwenye maji ya rangi. Udhaifu wake ni kwamba hufa upesi na magamba yake hutoka ukimshika kwa mkono mkavu. Fathedi, sentimita 5 hadi 7, ni mdogo, hana mng'aro, lakini anavumilia. Katikati ya msimu, wolai wanapokuwa wavivu, ndiye wa kwanza kumtia. Saka mchanga, yaani mtoto wa samaki aitwaye saka, huishi kwenye ndoano muda mrefu kuliko wote, lakini kwenye maji yenye paiki huwaita wao kwanza. Shaina wa kugandishwa wanaotumika sana kwenye ziwa la Lake of the Woods ni chambo cha fimbo inayochezeshwa kwa mkono. Kwenye tipapu isiyotikisika, samaki mfu ananing'inia tu.

Tia ncha moja ya ndoano chini ya ngozi, mbele kidogo ya pezi la mgongoni, juu ya mstari wa ubavuni. Ukishuka zaidi unagusa uti wa mgongo na kidagaa kitapooza hapohapo: kitalala ubavu, mkia umenyooka. Hiyo ndiyo dalili ya ndoano iliyoingia vibaya. Kikifa ndani ya dakika chache bila jeraha, na cha pili vivyo hivyo kwenye kina hichohicho, chini hakuna oksijeni ya kutosha, jambo la kawaida kwenye maziwa yenye maji mafupi mwishoni mwa msimu. Pandisha mita moja au mbili. Kikidumu huko, wolai nao watakuwa huko.

Vikifia kwenye ndoo kabla ya kufika ziwani, chunguza maji. Duka huviweka kwenye maji ya vuguvugu kuliko ziwa, na kuvimwagia maji ya sifuri kwa mkupuo ni kuviua. Ongeza maji ya ziwa kikombe kimoja kimoja kwa dakika 20. Ndoo ya lita 10 isibebe zaidi ya dazeni mbili bila pampu ya hewa. Povu linalokaa juu ya maji ni uchafu wao wenyewe: badilisha nusu ya maji. Maji ya bomba yana klorini, na miji mingi hutumia kloramini isiyoondoka hata ukiyaacha wazi usiku kucha; tia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo.

Jioni, ukiondoka, mwaga maji ya ziwa kwenye theluji pale pale. Sheria ya Minnesota hairuhusu kuyasafirisha, kwa sababu ya kome wa pundamilia na magonjwa ya samaki. Ukitaka kuhifadhi vidagaa, vibadilishie maji ya chupa au ya bomba uliyokuja nayo. Usivyovitaka vitupe kwenye pipa la takataka, si kwenye tundu.